Ngwala ya Malkia Kutoka Angani

 Leo nina ombi dogo: kama huendeshi gari na huna sufuria jikoni, fumba macho. Nataka tutandike ubao wa sataranji, au chesi kama wengi wanavyouita mchezo huo siku hizi, lakini redio haina meza. Ubao itabidi ukae kichwani mwako. Una vyumba 64, nusu vyeupe na nusu vyeusi, safu nane kwenda mbele na safu nane kwenda kando. Mimi nitataja, wewe utasogeza.

Ukiona kazi hii inakushinda, jipe moyo. Wapo watu wanne waliowahi kucheza kwa kupeana hatua kwa sauti peke yake, na hali yao ilikuwa ngumu kuliko yako. Wawili walikuwa hapa chini, wamekaa kwenye viti. Wawili wengine walikuwa juu ya mawingu, juu ya njia za ndege, wanaelea ndani ya chombo kinachokwenda zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa. Ilikuwa Jumanne, tarehe 9 Juni 1970. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa sataranji kati ya anga na Dunia, na hatua 35 baadaye uliisha sare.

Najua kuna anayenung'unika huko aliko: sare? Umetufumbisha macho kwa ajili ya sare? Subiri kidogo. Jioni hii nataka kuitetea sare ile, na nitaitetea kwa kete zenyewe.

Kwanza tuwajue wachezaji. Chombo kiliitwa Soyuz 9, mali ya Umoja wa Kisovieti. Kilirushwa tarehe 1 Juni 1970 kikiwa na watu wawili. Kamanda alikuwa Andriyan Nikolayev, ambaye tayari alikuwa amekwenda angani mwaka 1962 kwa chombo cha Vostok 3. Jina lake huenda hulikumbuki, lakini la mkewe unalijua: Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kufika angani. Mwenzake chomboni alikuwa Vitaly Sevastyanov, mhandisi, safari yake ya kwanza, na mtu ambaye sataranji ilikuwa imemkaa moyoni.

Hawakwenda mwezini. Mwezini Wamarekani walikuwa wamekwishatua mwaka mmoja kabla. Kazi ya Soyuz 9 ilikuwa kukaa tu. Rekodi ya kukaa angani ilikuwa siku 14 kasoro kidogo, iliyowekwa na Wamarekani Frank Borman na James Lovell mwezi Desemba 1965. Nikolayev na Sevastyanov walitakiwa kuivuka, ili wataalamu wajue moyo, mifupa na misuli ya binadamu hufanyaje pasipo uzito. Kwa hiyo walipimwa, wakafanya mazoezi, wakalala, wakapimwa tena. Tarehe 9 ikawa siku ya mapumziko, na siku ya mapumziko Mrusi wa zama zile alifanya nini? Alitoa ubao.

Chini, upande wa pili, walikaa Jenerali Nikolai Kamanin na Viktor Gorbatko. Gorbatko alikuwa mwanaanga mwenzao. Miezi minane tu nyuma alikuwa amekwenda juu kwa Soyuz 7. Kamanin alikuwa jambo jingine. Huyu ndiye aliyesimamia mafunzo ya wanaanga wote wa nchi ile. Neno lake lilimfanya mtu apande chombo au abaki akipunga mkono. Shika hilo, msikilizaji, tutalihitaji baadaye: wale wawili wa juu walikuwa wakicheza na bosi wao.

Kucheza sataranji na mtu usiyemwona si jambo lililoanzia angani. Mwaka 1824 klabu ya Edinburgh, kule Uskoti, ilianza kuandikiana na klabu ya London. Huyu anatuma hatua yake kwa barua, yule anaipokea, anaumiza kichwa na wenzake, anajibu. Michezo mitano ilichukua miaka minne, hadi 1828, na Edinburgh ikashinda. Mfunguo uliotumika katika mashindano yale unaitwa mpaka leo Mchezo wa Kiskoti. Baadaye zikaja kadi za posta, na kwa wengine huo ukawa mchezo wa maisha: mtu mmoja ana michezo kumi au ishirini mezani, na kila akisikia hatua za tarishi mlangoni moyo unamdunda. Mwaka 1953 mchezo wa posta ulipata bingwa wake wa kwanza wa dunia, Cecil Purdy wa Australia.

Waya na mawimbi navyo vikaingia. Tarehe 1 hadi 4 Septemba 1945, siku zile zile vita kuu vilipokuwa vikifungwa rasmi, Umoja wa Kisovieti na Marekani walichezeana kwa redio kwenye mbao kumi, hawa Moscow, hawa New York. Wasovieti waliwachapa Wamarekani pointi kumi na tano na nusu kwa nne na nusu. Na mwaka 1965 Bobby Fischer, alipozuiwa na serikali yake ya Marekani kusafiri kwenda Cuba, alikaa katika klabu moja ya New York akashiriki mashindano ya Havana kwa mashine ya teleksi. Wapinzani wake walikaa Havana.

Haya yote yanawezekana kwa sababu kila chumba cha ubao kina jina. Safu za kwenda mbele zimepewa herufi, kuanzia a mpaka h. Safu za kando zimepewa namba, moja mpaka nane. Ukisema e-nne, mtu yeyote duniani anaweka kidole mahali pamoja. Lakini jaribu kutamka herufi "be" na herufi "de" kwenye redio yenye mikwaruzo, uone zinavyofanana. Wachezaji wa posta wa kimataifa, ambao lugha na herufi zao hutofautiana, walibuni njia ya namba tupu: chumba kina namba mbili, hatua ina namba nne. Askari anayetoka e-mbili kwenda e-nne anaandikwa 5254. Mjapani ataielewa, Mwarabu ataielewa, na mikwaruzo haitaigusa.

Kule juu kulikuwa na tatizo la ziada. Kete zenyewe zingekaaje? Ukiweka farasi wa mbao juu ya ubao pasipo uzito, ukipiga chafya tu anaondoka zake. Ubao wa sumaku ungemaliza tatizo, lakini sumaku ndani ya chombo kilichojaa vyombo vya kupimia haikutakiwa. Wakatengenezewa ubao wa pekee wenye mifereji, kila kete inateleza ndani ya mfereji wake na haichomoki. Na lilikuwapo tatizo la muda. Soyuz 9 iliizunguka Dunia kwa muda usiofika dakika 90. Katika kila mzunguko kilikuwapo kipande ambacho vituo vya chini viliisikia, na kipande ambacho havikuisikia. Kwa hiyo hatua zilikwenda chombo kikiwa karibu, kisha kimya. Kimya kikianza, kila upande unabaki na ubao wake, unamchezea mwenzake kichwani: nikifanya hivi, atafanya vile.

Sasa fumba macho kweli. Tunaanza.

Anga ilikuwa na kete nyeupe, kwa hiyo ndiyo iliyotangulia. Hatua ya kwanza: askari aliye mbele ya malkia anasogea vyumba viwili. Dunia inajibu vivyo hivyo. Askari wawili wanasimama katikati ya ubao, pua kwa pua. Hatua ya pili: Anga inamsogeza askari wa pembeni yake, huyu wa safu ya c, naye vyumba viwili. Angalia vizuri hapo. Askari huyu amesimama mahali anapoweza kuliwa na adui, na amesimama hapo kwa makusudi.

Hatua hii ina jina ambalo wengi mlilisikia mwaka 2020 kupitia tamthilia ya The Queen's Gambit. Gambiti ni neno lililotoka Italia, na asili yake ni mieleka: ni kumtegea mtu mguu ili aanguke. Sisi tuna neno letu la zamani kwa kitendo hicho hicho, kila mtoto aliyecheza mpira wa makaratasi analijua. Ni ngwala. Basi mfunguo huu mimi nauita Ngwala ya Malkia. Nakutegea askari wangu. Ukimla, askari wako mwenyewe ameondoka katikati ya ubao, na katikati ndiko njia panda zote zinakokutania.

Dunia ilimla. Jenerali hakuogopa ngwala.

Hapa ndipo mfunguo huu unapokuwa mtamu, kwa sababu swali si kula, swali ni utafanyaje baada ya kula. Anayeanza kujifunza huwa na jibu moja: nimepata askari wa bure, nitamlinda kwa jino na ukucha. Analeta askari wa b kumkinga yule aliyekula. Mweupe anamchokonoa kwa askari wa ukingoni. Mweusi anakinga tena. Wanalana askari mmoja mmoja, kisha malkia mweupe anachungulia kutoka pembeni, anapiga mshazari mrefu mpaka kwenye ngome ya kona, na mweusi anagundua kwamba kwa ajili ya kumlinda askari mmoja lazima atoe kete kubwa. Mtego huu umevuna watu kwa karne nyingi. Askari wa Ngwala ya Malkia ni kama pesa ya mkopo mfukoni: unaisikia mfukoni, unasahau si yako, na siku ya kulipa inakuja na riba.

Kamanin na Gorbatko walilijua hilo. Anga ilipofungua njia ya askofu wake ili aje kudai, Dunia haikungoja kudaiwa. Ilimsukuma askari wa mfalme vyumba viwili, ikapiga katikati ya ubao, ikasema kwa lugha ya kete: chukua chako, mimi nataka nafasi. Askofu mweupe akamla yule askari wa mkopo. Dunia ikala katikati, Anga ikala. Hatua tano tu, na deni limelipwa. Kila upande umebaki na askari sita.

Lakini tazama kilichobaki katikati. Askari mweupe mmoja, kwenye chumba cha d-nne, hana ndugu kushoto wala kulia. Wacheza sataranji wameandika vitabu vizima juu ya askari wa namna hii. Mimi namwita yatima. Yatima huyu ana sura mbili. Leo ni nguvu, maana amekaa katikati na anawafungulia njia maaskofu na ngome zake. Kesho ni mzigo, maana siku kete kubwa zikiisha hakuna askari wa kumlinda. Mwenye yatima hutakiwa kushambulia mapema. Mwenye kupigana na yatima hutakiwa kuwa na subira, abadilishane kete, angoje kesho.

Anga ilijaribu kushambulia. Wafalme wote wawili walipokwisha kujificha nyuma ya ngome, farasi mweupe alikwenda ukingoni kumfukuza askofu. Malkia akatoka. Hatua ya 13, askari aliyekuwa mbele ya mfalme mweupe akasukumwa mbele vyumba viwili, hatua ya kijasiri, maana ukimtoa mlinzi mlangoni umeuacha mlango wazi. Na baada ya ujasiri huo, nitasema ukweli, walichanganyikiwa kidogo. Askofu mweupe alikwenda hatua ya 15, hatua ya 17 akarudi alikotoka. Farasi naye akarudi. Kwa Dunia hali ilikuwa ile ile: farasi wake mmoja alitembea mpaka akarudi kwenye chumba alichozaliwa farasi mwenzake, zizini kabisa. Mabingwa wangetikisa kichwa. Wanne hawa hawakuwa mabingwa. Walikuwa watu wa kazi nyingine waliokuwa na siku moja ya mapumziko.

Hatua ya 18 Dunia ikafanya jambo ninaloliona ndilo lililoamua matokeo. Ilitoa askofu wake, ikala farasi mweupe kwenye c-tatu. Mweupe akalipiza kwa askari wa b, na askari yule akatua hapo hapo c-tatu. Unaona kilichotokea? Yatima amepata ndugu. Askari wa c-tatu anamlinda askari wa d-nne. Ile subira ya kungoja kesho haina tena cha kungoja. Hatua chache baadaye Anga nayo ikarudisha hisani bila kukusudia: katika kubadilishana kete, askari weusi wawili wakavutwa mpaka c-nne na d-tano. Askari wanne sasa wamekabana katikati ya ubao, weupe wawili, weusi wawili, kifua kwa kifua. Hakuna anayeweza kwenda mbele. Kaa ukiwatazama.

Mwisho ulikuja kwa kishindo. Hatua ya 31 askofu mweupe alimtisha mfalme mweusi kwenye mshazari mrefu. Askari mweusi akaziba. Mweupe akamla. Farasi mweusi akala. Askofu akamla farasi, ngome nyeusi ikamla askofu. Hatua ya 34, ile ninayoipenda kuliko zote: ngome nyeupe ilishuka ubao mzima, ikamtisha mfalme, ikasimama mbele ya malkia mweusi ili iliwe. Malkia hakuwa na hiari, akaila. Lakini kwa kuila, aliiacha ngome yake bila mlinzi, na malkia mweupe akaichukua huku akimtisha mfalme. Ngome kwa ngome. Hatua ya 35 mfalme mweusi akasogea chumba kimoja kando. Vumbi likatulia.

Fungua macho sasa, tuhesabu waliobaki. Anga: mfalme, malkia, askari watano. Dunia: mfalme, malkia, askari watano. Kati ya kete 32 zilizoanza, 18 zimekufa, tisa kila upande. Wafalme wote wawili wamebaki wazi, na malkia wawili peke yao ubaoni wangeweza kukimbizana nao mpaka usiku. Wakakubaliana: sare.

Neno letu hili ni zuri mno kwa mchezo ule. Sare ni matokeo, na sare ni nguo ya wanafunzi, ya askari, ya waimbaji wa kwaya, na ya akina mama walioshona kitenge kimoja kwa ajili ya harusi. Asili ya maana zote mbili ni kufanana. Tulipofungua macho tumekuta pande mbili zimevaa sare ile ile.

Sasa nirudi kwa bosi. Kuna mtu mwenye akili za mjini ameshaanza kucheka. Anasema: ndugu mtangazaji, ile ilikuwa sare ya adabu. Nani atamshinda jenerali anayempangia kazi? Na jenerali gani atawashinda mashujaa mbele ya taifa zima? Kete zilipangwa zifike hapo.

Mimi moyo wa mtu siujui. Lakini kete nazijua kidogo, na sare ya adabu ina sura yake. Katika sare ya adabu watu wanabadilishana kete mbili tatu, wanapeana mkono hatua ya kumi na tano, wanakwenda kunywa chai. Ubao unabaki umejaa, hakuna aliyeumia. Mtu anayetaka sare ya adabu hamtoi askari wa mlangoni kwa mfalme wake. Hapeleki farasi ukingoni. Hakosei kwenda na kurudi, kwa maana hajisumbui kwenda. Hawa walikosea kama wanavyokosea watu wanaotaka kushinda. Walipofika mwisho hakuna aliyebaki na kitu cha kumpigia mwenzake, ndipo wakaacha. Kama kuna aliyepanga hayo, basi alikuwa mtunzi kuliko walivyokuwa wachezaji.

Na Sevastyanov hakuwa mtu wa kuichezea sataranji maigizo. Miaka saba baadaye, mwaka 1977, alikabidhiwa uenyekiti wa Shirikisho la Sataranji la Umoja wa Kisovieti, akakaa nao karibu miaka kumi. Nchi ile ndiyo iliyotoa mabingwa wa dunia mmoja baada ya mwingine. Bingwa wa mwaka 1970 alikuwa Boris Spassky, Msovieti pia. Huwezi kuwaongoza watu wale ukiwa mtu wa kuuza mchezo.

Ninaitetea sare hii kwa sababu nyingine pia, nayo inahusu siku zetu. Mchezo wa sataranji wa mbali haujafa. Umehamia kwenye intaneti, na shirikisho lake la kimataifa linawaruhusu wachezaji kutumia programu za kompyuta. Mtu anaweza kuiachia mashine ipekue hatua moja usiku kucha. Matokeo yake, katika fainali za ubingwa wa dunia sehemu kubwa sana ya michezo huisha sare. Mashine hii inaona kila ngwala, mashine ile inaona kila ngwala, na hakuna anayeanguka. Na aliyeifungulia mashine njia ni pamoja na mmoja wa mabingwa wenyewe: Hans Berliner, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa posta mwaka 1968, ndiye yule yule aliyekuja kuwa msomi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kuongoza utengenezaji wa HiTech, mojawapo ya mashine kali za sataranji za miaka ya 1980.

Siwalaumu. Wanaotafuta hatua iliyo sahihi kabisa nao wana raha yao. Ila sare yao ni ya mitihani miwili isiyo na kosa hata moja. Sare ya Soyuz 9 ni ya makosa yaliyolipana. Dunia ilimpa yatima ndugu, Anga ikarudisha. Huyu alifungua mlango wake, yule akamrudisha farasi wake zizini. Kosa langu limekula kosa lako. Sare ya namna hiyo hutokea kati ya watu wawili, na ukiifuatilia hatua kwa hatua unawaona watu wenyewe.

Miaka 50 baadaye, tarehe ile ile ya 9 Juni, mwaka 2020, Warusi waliukumbuka mchezo ule kwa kucheza mwingine kati ya anga na Dunia. Angani walikuwa Anatoly Ivanishin na Ivan Vagner, ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Chini, Moscow, alikaa Sergey Karjakin, mtu aliyewania ubingwa wa dunia dhidi ya Magnus Carlsen mwaka 2016. Ukimweka mtaalamu kama huyo mbele ya wanaanga wawili ungetarajia mauaji. Uliisha sare. Hiyo, msikilizaji, nakuachia uiamue mwenyewe kama ilikuwa ya kete au ya adabu.

Nimalizie kwa Soyuz 9, maana hadithi yao haikuishia ubaoni. Walikaa juu siku kumi zaidi. Tarehe 19 Juni 1970 walitua wakiwa wamekaa angani karibu siku 18, rekodi wameivunja. Waokoaji walipofika na kufungua mlango, waliwakuta watu wasioweza kusimama. Miguu haikuwabeba. Moyo ulienda mbio. Iliwabidi wasaidiwe kutoka, na siku nyingi zikapita kabla miili yao haijazoea tena kubeba uzito wake yenyewe. Tangu hapo wanaokwenda kukaa juu muda mrefu wakaongezewa mazoezi, na mpaka leo hufanya mazoezi kila siku, kwa sababu ya yale yaliyowakuta wawili hawa.

Kwa hiyo kulikuwa na michezo miwili. Katika ule wa kete, Dunia ilitegewa ngwala, ikaila, ikairudisha, ikapigana hatua 35, na haikuweza kuwashinda. Katika ule wa pili haikuhitaji kete wala jenerali. Iliwangoja tu watue.